Mwaka wa Mabanda Matatu

Mwalimu Kilonzo alifia Houston, nyumbani kwa binti yake Ndinda, na habari ilinikuta kazini Dallas nikimgeuza bibi mmoja kitandani. Nilimaliza kumgeuza, nikamfunika vizuri, kisha nikaingia chumba cha mashuka na kulia huko mlango ukiwa umefungwa. Mimi si mtu wa kulia mbele ya wagonjwa. Jumamosi iliyofuata niliendesha gari peke yangu kwenda kwenye maombi ya msiba, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, kwa sababu mkewe, Mama Ndinda, alikuwa amenipigia simu kuniomba nisimame niseme kwa niaba ya vijana wote ambao marehemu aliwasaidia huku. Vijana, na mimi nina mtoto anayejiandaa kwenda chuo. Lakini nilielewa. Kwa Mwalimu niliendelea kuwa yule msichana aliyemwajiri kwenye shamba la kuku, na nilipofika pale barabara inapochepuka kuelekea shambani, saa moja na kitu kusini mwa Dallas, nilipunguza mwendo bila kukusudia hadi lori la nyuma likanipigia honi.

Ya nyumbani na ya jinsi nilivyofika Marekani nitayaacha. Kila mtu anayo yake na yanafanana. Naanzia Irving, katika fleti ya chumba kimoja niliyoishi na Nafula, chini kabisa ya njia ya ndege, mahali ambapo vikombe vilitetemeka kwenye sinki kila ndege iliposhuka. Godoro lake lilikuwa upande wa dirisha, langu upande wa kabati. Tulikuwa na meza ya plastiki, viti viwili ambavyo havikufanana, na jiko ambalo upande mmoja uligoma kuwaka mwaka mzima. Tulikula mayai. Shambani tuliruhusiwa kubeba yale yenye nyufa, basi tulikula mayai ya mchuzi, mayai na sukuma ya Wamarekani ambayo majani yake ni magumu kama ngozi, mayai ndani ya chapati, hadi Nafula akasema akifa leo atazikwa anatoa manyoya. Alikuwa na kelele, alikoroma, aliimba kwaya ya kanisa akiwa bafuni, na asubuhi nyingine nilikuta ameshapiga pasi sare yangu pamoja na yake. Nilimpenda. Nalisema mapema ili yanayofuata yaeleweke.

Kazi alitupa Mwalimu. Nyumbani alikuwa amefundisha ufugaji katika chuo cha kilimo, ndiyo maana hata wazungu wa shambani walimwita hivyo, wakilitamka neno kama jina la mji. Huku alikuwa mzee wa kanisa na msimamizi wa kuku wa mayai kwenye shamba la mzee mmoja wa Texas, mtu wa kofia kubwa na maneno machache. Mzee huyo alikuwa na mteja Houston, mwenye maduka mengi ya vyakula, na mteja alitaka mayai ya kuku wasiofungiwa. Mwenye shamba hakutaka kung'oa vizimba vyake vyote kwa kusikia tu. Mwalimu akamshawishi wajaze mabanda matatu kuku wa umri mmoja na mbegu moja, kila banda kwa mtindo wake, wawaangalie mwaka mzima, kisha waende Houston na majibu. Alihitaji watu wa kuwaangalia. Akatufuata baada ya ibada, tukiwa na chai mkononi, akasema anataka wasichana wasioogopa harufu.

Banda la kwanza lilikuwa la vizimba vya zamani, safu juu ya safu, waya tupu. Kuku wa humo hakuweza kufungua bawa moja bila kumpiga mwenzake usoni. Kucha zao zilikua zikapinda kwa kukosa cha kuchakura. Ila sitadanganya: mayai yake yalikuwa safi, kinyesi kilianguka chini kikaenda zake kwenye mkanda unaokitoa nje, na ni kuku wachache waliokufa kwa kudonolewa. Banda la pili lilikuwa la vizimba vikubwa vilivyoongezwa vitu: kichanja cha kulalia, pembe yenye pazia la kutagia, mkeka mdogo wa kuparua. Ungeona kuku anaingia nyuma ya pazia, anatulia, anataga, anatoka kama mtu aliyetoka chumba cha maombi. Banda la tatu ndilo lililopigwa picha na kila mgeni. Hakukuwa na mlango kati ya kuku na kuku. Sakafu ilikuwa ya maranda ya mbao, na katikati zilisimama ghorofa za chuma zenye maji, chakula, viota na vichanja hadi karibu na paa. Humo kuku walikimbia, waliruka, walioga vumbi wakiwa wamelala ubavu, jicho moja limefumba, na mara ya kwanza kuwaona wakioga nilisimama nikasahau kazi. Nafula alinivuta mkono akasema hao wananishinda kwa raha. Lakini ndilo banda lililotuchoma macho kwa hewa ya samadi, ndimo walimodonoana hadi damu, na wakiogopa kitu walikimbilia kona moja wakalaliana na wa chini wakafa kwa kukosa pumzi. Watu wakisikia nilifanya kazi hiyo huniuliza lipi lilikuwa banda zuri, na huwa nakasirika kidogo. Wanataka jibu la kununulia mayai. Mimi nilikaa mwaka mzima nikiona kwamba kila banda lilimpa kuku kitu na kumnyima kingine, na kwamba swali lilikuwa tutafanya nini na kile alichonyimwa.

Wiki ya kwanza nilichekesha watu. Mwalimu aliniambia nihamishe kuku kadhaa, nikawashika kama kila mtu kwetu anavyowashika, miguu miwili miwili, vichwa chini, wawili mkono huu na wawili mkono ule, nikapita nao katikati ya banda kama naenda sokoni. Wamexico waliokuwa wakiosha mabomba walicheka. Mwalimu hakucheka. Alinionyesha kwa upole: mikono miwili, mabawa yamebanwa, kifua kimekaa kiganjani, kuku wima. Akasema ukimning'iniza atapigapiga mabawa na unaweza kumvunja. Sikurudia tena, hata siku moja. Jioni Nafula aliniigiza jikoni kwa pakiti mbili za unga, akitembea kwa madaha kati ya meza na friji, na nilicheka hadi nikakaa sakafuni.

Kazi yetu kubwa ilikuwa vidole. Mwalimu alitufundisha kupitisha vidole kwenye mfupa wa kidari, ule uliochongoka katikati ya kifua, kutoka juu hadi ncha. Mzima uko sawa kama ukingo wa sahani. Uliovunjika una kinundu, au umepinda, au ncha imekatika kabisa. Kuku hasemi. Atakula, atataga, na wewe ukimtazama utasema yuko salama. Kuku wa vizimba mifupa yao ilikuwa dhaifu kwa kukaa bure, na ikavunjika hasa siku ya kuwatoa. Wale wa banda la pili walikuwa na nafuu. Banda la tatu, kuku wenye nguvu kuliko wote, wenye miguu na mabawa ya kazi, nilianza kukuta vinundu katikati ya mwaka, kisha vingi, kisha nikawa nashangaa nikikuta mfupa ulionyooka. Nilikuwa nikiwashika wote, wa mabanda yote, kwa mikono hii hii.

Ijumaa tulikula kwa Mwalimu, Richardson. Mama Ndinda alipika ugali na mbuzi, na kwa heshima yetu hakuweka kuku wala yai mezani. Sebule yao ilinukia vitunguu na dawa ya zulia, na Ndinda mdogo alifanya hesabu zake za shule chini ya meza, akijibu kila kitu kwa Kiingereza. Hapo ndipo tulipomweleza Mwalimu yale ambayo vidole vilikuwa vimeona. Mimi ndiye niliyegundua kuhusu taa. Katika banda la tatu taa zilizimika zote kwa mpigo, na kuku waliokuwa bado chini walirukia vichanja vya juu katika giza, wakajigonga kwenye mabomba ya chuma, wakaanguka. Nilisimama humo taa zilipozimika nikawasikia. Ilikuwa kama mtu anarusha viazi kwenye mabati. Nikamwambia Mwalimu kwamba taa zizimike polepole, za chini kwanza, na tuweke mbao za mteremko kutoka ghorofa hadi ghorofa ili wapande kwa miguu. Aliniangalia, akasema kwa Kikamba kwamba mimi Mueni nina kichwa. Nilitembea na sifa ile wiki nzima.

Ijumaa moja karibu na safari ya Houston, simu yake iliita tukiwa tunakula. Alikuwa mwenye shamba. Mwalimu hakutoka mezani, na sauti ya yule mzee ilisikika hadi kwangu, akisema hawezi kwenda kuwaambia watu wanaotaka kuku huru kwamba kuku huru ndio wanaovunjika. Mwalimu alijibu ndiyo bwana, ndiyo bwana, nitalishughulikia. Mama Ndinda alikuwa amesimama na sahani chafu mikononi, hakuondoka hadi simu ilipokatwa. Mimi nilisikia nitalishughulikia nikafikiria mbao. Nilifikiri ataagiza mbao Jumatatu.

Mkutano ulikuwa katika hoteli moja ya Houston, chumba chenye baridi ya kutetemesha na mitungi ya maji yenye vipande vya ndimu. Tulikuwa upande mmoja: mwenye shamba, Mwalimu, Nafula na mimi, nimevaa koti la kuazima. Ng'ambo ya meza walikaa wanunuzi, na mmoja wao, mama mwenye sauti laini, alikuwa amesoma vizuri kabla ya kuja. Aliuliza kuhusu vidari vya banda la tatu. Nilivuta pumzi kuanza habari ya taa na mbao, maana tulikuwa tumekubaliana na Mwalimu kwamba swali hilo ni langu. Mwenye shamba akasema ajibu Nafula. Na Nafula, bila kunitazama, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka maneno ambayo nayakumbuka neno kwa neno:

"Kwetu kuku hubebwa kwa miguu, kichwa chini. Mueni bado anawabeba hivyo. Tulimkanya lakini hajaacha."

Jibu lilikuwa rahisi hata mtoto angelitoa: kama ni mikono yangu, mbona kuku wa banda la pili wazima, nami nawashika siku zile zile? Lakini katika chumba kile, mbele ya wale watu wenye nguo za ofisini, mimi ndiye niliyekuwa kuku. Nilimgeukia Mwalimu aliseme yeye. Alikuwa analijua. Alikuwa ndiye aliyenifundisha kulijua. Alikuwa anatazama glasi yake ya maji, akiizungusha polepole juu ya kitambaa, na mimi nikajiambia ameshtuka kama nilivyoshtuka. Mama wa ng'ambo alitikisa kichwa kwa huruma, akasema basi ni suala la mafunzo, si la banda. Wakaendelea na bei.

Kazi yangu iliisha Jumatatu. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenirudisha Irving na gari lake, akanunua chai njiani, akazima injini nje ya fleti na kuomba nami, akiwa amenishika bega. Alisema Mungu ana mambo makubwa zaidi kwangu. Alisema nisibishane na Nafula, nisimuulize chochote, nimwachie Mungu, maana kijicho ni ugonjwa. Nilimtii. Nafula aliporudi jioni nilikuwa nimefunga mlango kwa komeo, vitu vyake nimeviweka nje kwenye korido ndani ya mifuko ya takataka, pasi ikiwa juu kabisa. Alibisha, akaita jina langu, akasema anataka kunieleza. Nilimjibu kupitia mlangoni kwamba Mwalimu ameniambia nisiongee naye. Akanyamaza papo hapo. Nikasikia mifuko ikiburutwa kwenye ngazi, na nikafurahi, furaha chungu ambayo sijawahi kuipata tena. Baadaye nilisikia amepewa usimamizi wa banda la tatu, kisha amehamia Houston. Mabanda yote ya shamba lile yalijengwa kama la tatu, bila mbao, taa zikizimika kwa mpigo kama kawaida, na maboksi ya mayai yakachorwa kuku mmoja kwenye majani mabichi. Nimewahi kuliona boksi hilo dukani nikaliacha hapo.

Mwalimu hakuniacha. Alinitafutia shule ya uuguzi, akaniandikia barua ya sifa, akanipeleka siku ya usajili akiwa amevaa tai. Kila Krismasi nilikula kwake. Mtoto wangu alimwita guka, yaani babu kwa Kikuyu, kwa kuwa baba yake ni wa Nyeri, na Mwalimu hakujali, aliitika. Watu wakiniuliza nani alinishika mkono huku, nilimtaja yeye kabla ya ndugu zangu wa damu.

Hayo ndiyo maneno niliyoyapanga hadi Houston. Nyumba ya Ndinda ilikuwa imejaa, viti vya kukunja hadi gereji, sinia za pilau zimefunikwa karatasi za alumini, wanaume wamesimama nje wakiongea habari za malori. Nilikuwa gerejini natafuta maji nilipoitwa kwa jina na sauti ambayo ningeitambua hata usingizini. Nafula alikuwa amenenepa, ana miwani, nguo nyeusi, na sahani ambayo hakuigusa. Aliniuliza kama bado namchukia. Nikamwambia nimekuja kuzika.

"Najua unasimama kumsifu," alisema. "Si kutaka kukuharibia, Mueni, lakini siwezi kukaa pale nyuma nikisikiza. Ni Mwalimu aliniambia niseme."

Nilimwambia maiti haijitetei, na kwamba hata kwa kipimo chake hilo ni la aibu. Hakukasirika. Alisema Mwalimu alimpitia kwa gari siku moja kabla ya safari, wakiwa wawili tu. Mwenye shamba alikuwa anataka sababu. Kama sababu ni banda, mteja anaondoka, shamba linafunga mradi, na makaratasi ya Mwalimu ya kukaa nchini, ambayo mwenye shamba alikuwa hajayatia sahihi, yanakufa. Kama sababu ni mtu, anaondoka mtu mmoja.

"Na kwa nini mimi?"

"Kwa sababu mimi ndiye nilimwambia ile story ya miguu ilivyotuchekesha. Nilimwambia kama joke, tukila. Yeye akaikumbuka." Aliweka sahani juu ya mashine ya kufulia. "Aliniahidi atakuangalia. Na alikuangalia, si ndio? Nilikuwa nasikia. Shule, kila kitu. Nikasema at least hapo hakunidanganya."

Nilitaka kumwita mwongo tena, na sikuweza, kwa sababu nilikuwa nimeshaiona ile glasi. Miaka yote niliikumbuka kama glasi ya mtu aliyeshtuka. Mtu aliyeshtuka huinua kichwa. Yeye alikuwa akisubiri niondolewe mezani. Na lile la kuniambia nimwachie Mungu, nisimuulize Nafula chochote, nililibeba kama ushauri wa baba, na lilikuwa ni komeo tu, na mimi ndiye niliyelifunga. Naipenda kazi yangu. Nimewashika wazee wengi kwa mikono hii ambayo alisema, kwa kinywa cha mwingine, kwamba inavunja. Sasa sijui nimwite nani mtu aliyenipa kazi ya maisha ili nisiulize kwa nini niliporwa ile ya kwanza. Nafula alikuwa analia. Sikumfariji. Naye aliniuza, hata kama bei alipangiwa.

Mlango wa gereji ukafunguka, Mama Ndinda akachungulia, leso mkononi. Alituona tumesimama pamoja, akatutazama mmoja kisha mwingine. Akanijia mimi, akanishika kiwiko.

"Mueni, mama, ni wewe sasa. Ongea tu ya shule na kanisa. Mambo ya shamba wachana nayo, watu hawataelewa."

Niliingia. Walinisogezea kipaza sauti, ingawa sebule haikuhitaji kipaza sauti. Picha yake ilikuwa kwenye meza ndogo, amevaa ile tai. Watoto walinyamazishwa, wanaume wa malori wakaingia na kusimama ukutani, na wote walinitazama kwa nyuso za watu wanaojua watakachosikia na wanaokitaka. Ningeweza kusema. Nilikuwa na nafasi ambayo sikuipata katika ile hoteli, na watu wangu mwenyewe ndio walionikalia mbele. Nilifungua kinywa, nikamsikia mtu akisema kwa sauti yangu kwamba Mwalimu Kilonzo alinipeleka shule, alinishika mkono nilipokuwa sina kitu, na kwamba alikuwa mtu wa haki.

"Amina," walisema wote kwa pamoja.

Mama Ndinda hakusema amina. Alikuwa mbele yangu, umbali wa mkono, ameinamisha uso, akiikunja leso na kuikunjua juu ya goti. Alijua. Kila Krismasi alinijazia sahani, na alikuwa anajua.